Tope la Bandarini: Lizolewe au Liachwe?

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Je, mafuta nayo? Swali hili lilinijia nilipomtembelea shangazi yangu kule Tsunza. Kijiji hicho ni chetu, cha Kwale, lakini maji yake na ya bandari ya Kilindini ni mamoja. Shangazi alifukua kaa mikokoni, akaniletea tope kiganjani. "Mwanangu, hebu nusa." Lilinuka dizeli!

Wenzangu, balaa hili si geni. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka karibu na Makupa, tani 5,000 hivi zikaingia horini na mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ilimwaga mafuta ghafi Kilindini, yakasambaa hadi Port Reitz.

Kwa nini tope ndilo lihofiwalo? Chembe zake ni ndogo mno, na mafuta, risasi na zebaki huzing'ang'ania kama kupe. Juu kuna oksijeni, hivyo vijidudu huyala mafuta. Chini oksijeni haipo, basi mafuta hukaa miaka na miaka. Mnyoo hula tope, kaa hula mnyoo, nasi twala kaa.

Njia za kusafisha ni tatu:

1. Kulichimba. Huko Minamata, Japani, tope lenye zebaki, kama mita za ujazo milioni 1.5, lilishughulikiwa tangu 1977 hadi 1990. Sehemu ya ghuba ikafukiwa, pakawa nchi kavu ya hekta 58. Hatari ni kwamba tope likitibuliwa ovyo, sumu husambaa upya.

2. Kulifunika kwa mchanga safi. Hufaa pasipo na mkondo mkali wala nanga za meli.

3. Kuliacha, maumbile yafanye kazi, huku likipimwa mara kwa mara.

Kwetu Tsunza naona mashine haifai, kwani itang'oa mikoko tunayotaka kuiponya. Lakini njia zote zina sharti moja: kwanza uchafu uzibwe unakotoka. Pia maji yaachwe yapite. Pale Makupa barabara ya kifusi iliyaziba kwa miaka mingi, hata daraja likafunguliwa mwaka 2022.

Nilimweleza shangazi hayo yote. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Sasa, leo twala nini?" Kaa tukamrudisha majini. Tulikula ugali kwa mchicha.

Nanyi wenzangu, mwaonaje?