KUMPIMA MGOMBEA URAIS NA MGOMBEA MWENZA: SOMO KWA KAMATI ZA SHARIKA



Katika toleo hili tunaleta somo la elimu ya uraia. Limeandaliwa kwa ajili ya kamati za maendeleo za sharika, lakini linaweza kutumika pia katika vikundi vya akina mama, vijana na vikundi vya kuweka na kukopa. Somo halimpigii debe mtu wala chama chochote. Linasaidia kupima.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili wanakamati waweze:
(a) kueleza kazi ya mgombea mwenza kwa mujibu wa Katiba ya Tanzania;
(b) kupima wagombea wote wawili kwa kutumia ushahidi badala ya sifa za jukwaani;
(c) kuongoza majadiliano haya usharikani bila kuleta mgawanyiko.

1. KWA NINI TUJIFUNZE MAPEMA

Kampeni za Uchaguzi Mkuu huchukua takriban miezi miwili. Miezi hiyo ni ya nyimbo, kofia, fulana na ahadi. Si muda wa kutosha kumfahamu mtu atakayeongoza nchi miaka mitano. Tena joto likishapanda, hata swali la kawaida huonekana ni la upande fulani. Kwa ratiba ya kawaida uchaguzi unaofuata ni wa mwaka 2030, hivyo huu ndio wakati wa kujifunza tukiwa tumetulia.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika uchaguzi vyote viwili hutembezwa kwa gari lenye vipaza sauti. Mpiga kura anahitaji mizani yake mwenyewe.

2. KATIBA INASEMAJE

Kabla ya mwaka 1995 nchi yetu ilikuwa na Makamu wawili wa Rais, mmoja akiwa Rais wa Zanzibar na mwingine Waziri Mkuu. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, ilionekana kuwa Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar wangeweza kutoka vyama tofauti. Katiba ikabadilishwa, na kuanzia uchaguzi wa mwaka 1995 kila mgombea urais husimama pamoja na mgombea mwenza. Wanatoka chama kimoja. Mmoja akitoka Tanzania Bara, mwenzake hutoka Zanzibar. Mpiga kura anaweka alama moja tu, na alama hiyo inawachagua wote wawili.

Ibara ya 47 inataka Makamu awe na sifa zilezile za Rais, yaani raia wa kuzaliwa aliyetimiza miaka 40, pamoja na masharti mengine. Sababu yake iko katika Ibara ya 37. Rais akifariki, akijiuzulu au akishindwa kabisa kumudu kazi, Makamu anaapishwa kuwa Rais kwa muda wote uliobaki. Hakuna uchaguzi mwingine unaoitishwa. Rais huyo mpya hupendekeza jina la Makamu baada ya kushauriana na chama chake, na Bunge hulithibitisha.

Kamati zetu za miradi ya maji zinalijua jambo hili. Tunapochagua mwenyekiti wa kisima, tunachagua pia makamu mwenyekiti. Mwenyekiti akiondoka, ni huyo makamu atakayeshika ufunguo wa pampu na kutia saini benki. Kamati inayomchagua makamu kwa sababu tu "ametoka kitongoji kile" hujuta siku ya kwanza ya kwenda benki.

3. YALIYOKWISHA KUTOKEA

Mambo haya hayakubaki kwenye vitabu vya sheria. Tuangalie miaka mitatu.

Mwaka 2001: Dk. Omar Ali Juma, aliyechaguliwa pamoja na Rais Benjamin Mkapa mwaka 1995 na 2000, alifariki akiwa madarakani mwezi Julai. Nafasi yake ilichukuliwa na Dk. Ali Mohamed Shein, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2010.

Mwaka 2005: Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kupiga kura Oktoba 30, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, alifariki. Uchaguzi wa Muungano uliahirishwa hadi Desemba 14. Nchi nzima ilisubiri wiki sita kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza mmoja. Sheria ilimpa uzito ambao wapiga kura wengi hawakuwa wamempa.

Mwaka 2021: Rais John Magufuli alifariki Machi 17. Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa Machi 19. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Oktoba 28, 2020. Mtu aliyepiga kura akimtazama mgombea mmoja tu alijikuta na Rais mwingine kabla ya miezi mitano kuisha, na muda uliobaki ulikuwa zaidi ya miaka minne na nusu.

Majirani zetu pia wana funzo. Malawi, Rais Bingu wa Mutharika alifariki Aprili 2012, na Makamu wake Joyce Banda, ambaye tayari alikuwa amefukuzwa katika chama cha Rais, ndiye aliyeapishwa. Kenya, Rais William Ruto na Naibu wake Rigathi Gachagua walichaguliwa pamoja Agosti 2022. Oktoba 2024 Bunge la nchi hiyo likamwondoa Naibu huyo. Kwa hiyo tusiishie kuuliza kila mmoja ni nani. Tuulize pia kama wawili hawa wanaweza kufanya kazi pamoja wakati wa shida.

4. HATUA ZA KUPIMA

Katika semina za sharika, washiriki hutaja majina ya wagombea urais watatu au wanne bila taabu. Wakiulizwa majina ya wagombea wenza, ukumbi hunyamaza. Kwa hiyo tunashauri kamati ichukue karatasi kubwa na kuchora safu mbili, moja ya mgombea urais na nyingine ya mgombea mwenza. Safu ya pili isiachwe wazi. Kisha jazeni mambo manne yafuatayo.

Kwanza, kazi aliyokwisha kuifanya. Alishika nafasi gani, na aliiachaje? Kama alikuwa mbunge au waziri, Taarifa Rasmi za Bunge zinaonyesha alisema nini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha fedha za ofisi aliyoisimamia zilitumikaje. Diwani wenu au mwalimu wa sekondari anaweza kusaidia kuzipata na kuzifafanua.

Pili, ahadi na gharama yake. Someni ilani, msiishie kwenye hotuba. Chagueni ahadi moja inayogusa usharika wenu, kama vile zahanati au bei ya pembejeo, na muulize: fedha zitatoka wapi, na zitapunguzwa wapi? Mgombea mwenza naye ameizungumziaje ahadi hiyo?

Tatu, msimamo juu ya rushwa. Yethro alipomshauri Musa kutafuta wasaidizi (Kutoka 18), pamoja na uwezo wao alitaja kuchukia mapato ya udhalimu. Hapa kwetu sheria iliwahi kuruhusu "takrima" kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Anayetuma chumvi na khanga usiku anatuambia mapema jinsi atakavyotawala.

Nne, namna anavyowatendea wasiokubaliana naye. Hutajaje wapinzani wake? Anawazungumziaje watu wa dini nyingine, kabila lingine, na upande wa pili wa Muungano? Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alizunguka akionya juu ya rushwa, udini, ukabila na kuyumba kwa Muungano. Mizani ile bado inafaa.

Mkimaliza, ulizeni swali moja la mwisho: kama mgombea urais asingekuwepo, je, tungekuwa tayari kumkabidhi nchi huyu wa safu ya pili peke yake? Jibu likiwa hapana, au "hatumjui", basi bado hamjamaliza kupima.

5. PALE AMBAPO KUPIMA KUNAKUWA KUGUMU

Hatuwezi kufundisha somo hili kana kwamba Oktoba 29, 2025 haikuwepo. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura. Tume ilikuwa imeizuia kwa kutosaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ya kura na siku zilizofuata watu walipoteza maisha na intaneti ilizimwa. Katika sharika zetu wapo waliofiwa, na wapo wanaosema hawatapiga kura tena.

Kamati isiwakemee watu hao. Wasikilizwe kwanza. Mizani inahitaji kitu cha kupimwa, na mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kushindwa kuchagua asichoonyeshwa. Kwa hiyo kumpima mgombea ni pamoja na kuuliza kama yuko tayari kushindanishwa, kuulizwa maswali na kushindwa kwa haki. Swali hilo linawahusu walio madarakani na walio nje. Linaanzia pia kwetu: je, uchaguzi wa wazee wa kanisa na wa kamati za miradi yetu unafanyika kwa uwazi, na aliyeshindwa anaendelea kuheshimiwa?

Wawezeshaji wakumbuke kuwa nyumba ya ibada si jukwaa la kampeni. Mchungaji na mwinjilisti wafundishe namna ya kupima, wasitangaze matokeo ya mizani yao. Kadi ya mpiga kura isikusanywe wala namba yake isiandikwe na mtu yeyote kwa niaba ya kamati.

6. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja wagombea wenza unaowakumbuka tangu mwaka 1995. Ulijua nini juu yao siku ulipopiga kura?
2. Je, ni haki mgombea mwenza kuchaguliwa na chama hasa kwa sababu ya upande wa Muungano anaotoka? Faida na hasara zake ni zipi?
3. Makamu mwenyekiti wa kamati yenu alipatikanaje? Anaweza kuendesha mradi peke yake kesho asubuhi?
4. Ni jambo gani lingemrudisha kwenye kupiga kura mtu aliyekata tamaa baada ya mwaka 2025?

Somo linahitaji vipindi viwili vya saa moja na nusu. Kipindi cha kwanza kiishie hatua ya tatu, na karatasi ya safu mbili ijazwe katika kipindi cha pili. Tunaomba makatibu wa kamati watume muhtasari wa majadiliano kupitia ofisi ya jimbo, bila kutaja majina ya wachangiaji. Wafadhili wetu mnaopenda kuona jinsi elimu hii inavyopokelewa vijijini mnakaribishwa kukaa nyuma ya ukumbi na kusikiliza.