Pumu na Saratani ya Utumbo Mpana: Daktari Anajibu

Daktari, nina pumu tangu utotoni. Nimesikia wenye pumu hawapati saratani ya utumbo mpana. Ni kweli?

Si kweli, wanapata. Baadhi ya tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zimeona wenye pumu au mzio wa pua wakiipata kwa kiwango cha chini kidogo. Nyingine hazikuona tofauti yoyote.

Mapafu na utumbo wapi na wapi?

Vinakutanishwa na aina moja ya seli nyeupe za damu, eosinofili. Paul Ehrlich, Mjerumani, aliitambua mwaka 1879 kwa sababu chembechembe zake hukolea rangi nyekundu ya eosini. Ndani yake mna vifuko vya sumu. Huku kwetu tunaifahamu kwa minyoo: mwenye kichocho akipimwa damu, mara nyingi hesabu yake huwa juu. Kwa wagonjwa wengi wa pumu, sumu hiyohiyo humwagika kwenye njia za hewa pasipo mdudu wa kuuawa. Njia zinavimba, makohozi yanajaa, kifua kinabana.

Ila kwa mtu mzima wa afya, makao makuu ya eosinofili ni utumbo. Mwaka 2019 kundi la Ariel Munitz, Chuo Kikuu cha Tel Aviv, lilionyesha kwamba eosinofili huingia kwenye uvimbe wa utumbo mpana na kuua seli za saratani zenyewe. Walipochunguza vipande vya uvimbe vya wagonjwa 275, penye eosinofili nyingi ugonjwa haukuwa mkali sana. Mwaka uliofuata, kundi la Isabelle Arnold huko Zurich likaona kwa panya kazi nyingine: zinaziamsha seli T za kinga zipigane. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wa habari hii, kuliko kwenye pumu yenyewe. Hesabu ya eosinofili katika kifua chako haituambii ngapi zimo utumboni.

Lakini si tunaambiwa kuvimba kwa muda mrefu huleta saratani?

Huleta, pale panapovimba. Utumbo wenye vidonda vya miaka hujitengeneza upya kila mara, na kila seli ikigawanyika, makosa ya jeni hupata nafasi.

Niko Uingereza, nachomwa benralizumab inayoziondoa eosinofili. Niache?

Usiache. Pumu kali inaweza kuua kwa saa chache. Ufuatiliaji wa wanaoitumia kwa miaka kadhaa haujaonyesha ongezeko la saratani.

Mama ana miaka 52, ana pumu, na anaona damu chooni. Ameambiwa ni bawasiri.

Ameambiwa baada ya kupimwa, au kwa kukisiwa tu? Bawasiri na saratani zinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Aombe kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera; vinundu vikionekana hukatwa palepale, kabla havijageuka saratani. Siku hiyo aende na pampu yake, na amweleze mtoa dawa ya usingizi kuhusu pumu kabla hajalala kitandani.