Kuingia Kituo cha Sanaa Lubumbashi: Mwongozo kwa Mtazamaji na Msanii

Wakazi wengi wa Lubumbashi hupita nje ya vituo vya sanaa vya mjini bila kuingia, wakidhani humo ni mahali pa wageni, wanachuo na wenye kadi za mwaliko. Sivyo. Sanaa ya majaribio inayoonyeshwa humo imetokana na mambo ya hapa hapa: shaba, umeme unaokatika, maisha ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines na ya Union Minière iliyoitangulia. Aliyekulia katika mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini anayajua mengi kati ya hayo kabla hajasoma maelezo yaliyobandikwa ukutani.

Uanzie wapi

Waza ni kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 2010. Huendesha warsha, maonyesho na mijadala, na huwapokea wasanii wanaokuja kukaa na kufanya kazi kwa muda. Picha ni chama kilichoundwa mwaka 2008 na wasanii wa mji huu, akiwemo mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, ambaye pia ni miongoni mwa waanzilishi wa Waza. Picha ndiyo huandaa tamasha la sanaa liitwalo Biennale ya Lubumbashi. Halle de l'Étoile, ya Taasisi ya Kifaransa, ina maonyesho, michezo ya jukwaani na filamu. Makumbusho ya Taifa nayo huweka kazi za wasanii wa leo karibu na vitu vya kale.

Biennale za mwaka 2019 na 2022 zilifanyika Oktoba na Novemba, wakati mvua zinapoanza. Msimu huo ukifika, fuatilia matangazo mapema, kwa kuwa maonyesho husambaa sehemu mbalimbali za mji na mengine huonyeshwa siku moja tu.

Utakutana na nini

Usitarajie picha za ukutani peke yake. Jean Katambayi Mukendi, mzaliwa wa Lubumbashi aliyesomea umeme, hutengeneza mashine za katoni, nyaya za shaba na vipuri vya vyombo vilivyoharibika. Sogea karibu: utaona katoni iliyokatwa kwa uangalifu na nyaya zilizopangwa kama za fundi aliyefungua redio. Pia huchora balbu kubwa kwa kalamu ya wino, mstari juu ya mstari. Anauliza jambo ambalo kila nyumba ya Lubumbashi inaliuliza: mbona nchi yenye madini na mito mikubwa inakaa gizani?

Katika onyesho la mwili, mtu anaweza kutembea polepole, kucheza ngoma bila muziki, au kusimama katikati ya watazamaji asiseme neno. Dorine Mokha, mcheza dansi wa mji huu aliyefariki mwaka 2021, aliufanya mwili wake na maisha yake kuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Majaribio haya yana mizizi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Hakuwapa wanafunzi wake picha za kunakili. Kila mmoja alitafuta njia yake. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akajaza turubai kwa mistari mifupi, Pilipili Mulongoy akashika samaki na ndege. Baadaye kundi la maigizo la Mufwankolo likatunga michezo kwa Kiswahili bila maandishi ya kukariri: walijadiliana habari, wakagawana nafasi, wakaikuza katika mazoezi hadi mbele ya watu.

Ukiwa ndani

Uliza mapema kama kuna kiingilio, na kazi itaanza saa ngapi. Siku ya ufunguzi ndiyo nzuri kwa anayekuja mara ya kwanza, kwa sababu wasanii wenyewe huwapo. Msalimie mmoja wao, kisha uliza maswali mepesi: umetumia nini, umeanza vipi, kwa nini hapa? Ukishindwa Kifaransa, sema Kiswahili, hakuna aibu.

Usiguse kazi mpaka uambiwe, hata ikiwa ni rundo la vyuma vya kawaida. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na uzime simu onyesho likianza. Anayecheza akisogea karibu nawe, tulia, hulazimiki kushiriki. Kama uko na watoto, uliza kwanza, maana kazi nyingine zinagusa vita, kifo au miili iliyo uchi. Panga pia usafiri wa kurudi, hasa onyesho likiisha usiku.

Kama wewe ni msanii

Usiende mikono mitupu. Andaa dosie fupi: picha nzuri chache za kazi zako, wasifu wa nusu ukurasa, na ukurasa mmoja unaoeleza unachotaka kufanya, mahali utakapopahitaji na gharama zake. Eleza mahitaji ya umeme waziwazi. Kazi ya video au sauti inahitaji jenereta au betri, na lazima ujue nani atalipia mafuta.

Kabla ya kuacha kazi yako kwa mtu yeyote, andikeni karatasi yenye orodha ya vitu, thamani yake, siku ya kurudishwa, na nani atalipa vikiharibika. Wote wawili watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Udugu na urafiki havizuii kuandikiana.

Zaidi ya yote, hudhuria kazi za wenzako kabla ya kuomba nafasi. Anayeonekana kwenye warsha na mijadala ndiye anayekumbukwa mradi mpya ukianza, na huko ndiko utakakojifunza ni kituo gani kinafaa kazi yako.