SOMO: Kofia ya Padre Huddleston

Someni kwanza Yakobo 2:1–9.

Mwaka 2020 polisi wa Minneapolis, Marekani, alimwua George Floyd kwa kumkandamiza shingo kwa goti. Wengi wetu tulikasirika, na hasira hiyo ni ya haki. Lakini iishie wapi?

Tumkumbuke Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo alikuwa padre Sophiatown, Johannesburg. Februari 1955 polisi wapatao 2,000 walikuja kuwahamisha Waafrika kwa nguvu. Huddleston aliwapinga wakubwa waziwazi. Hata hivyo, Desmond Tutu, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town, alisimulia jambo dogo: utotoni alimwona Mzungu huyo akimvulia kofia mama yake, mtumishi wa nyumbani. Hakulisahau.

Basi, ndugu, tujiulize hapa Temeke na Kinondoni. Binti anayetupikia tunamwita kwa jina lake? Kijana akipigiwa kelele za "mwizi!", tunamkinga mpaka afikishwe kituoni, au nasi tunaokota jiwe? Tuyajadili haya katika jumuiya zetu wiki hii.