Kujihesabu Nafsi



Somo letu safari hii si la mikarafuu, ni la mwenye shamba mwenyewe. Msimu ukiisha, vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, wakapanga vyumba Temeke, Mbagala na Kinondoni. Huko hakuna mzee wa kuwauliza wameshindaje. Mtu huweza kukaa mwaka mzima, akachuma na kutumia, na akiulizwa amepata nini asijue la kujibu. Wala si mvivu, hakujihesabu tu.

Jambo hili si geni kwetu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliwekea mlango mzima katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyempa mshirika wake mtaji: kwanza hupatana naye masharti, kisha humwangalia kazini, na mwisho hufanya naye hesabu. Mtaji huo ni umri wetu, na mshirika ni nafsi. Huko Marekani, Benjamin Franklin (1706–1790) naye alichagua tabia njema 13, akazitia katika kijitabu. Kila wiki alishughulika na moja kuliko zote, na kila jioni alitia alama nyeusi mahali alipokosea.

Basi yatupasa tufanye hivi:

1. Tuweke wakati maalumu. Dakika kumi baada ya sala ya isha zatosha.

2. Tuhesabu matendo. Kusema “mimi mtu mbaya” si hesabu. Kusema “nimetumia shilingi 5,000 nilizomwekea mama” ni hesabu.

3. Tuandike katika daftari, kwani moyo hupenda kusahau deni lake.

4. Tuchague jambo moja tu la kutengeneza kesho.

Lakini tusijihesabu kwa kujitesa. Sote twajua kazi ya usiku wakati wa mavuno: hukaa watu wa nyumba wakachambua karafuu na makonyo. Hatutupi pakacha zima kwa sababu ya makonyo, na hata hayo makonyo hutolewa mafuta kiwandani Wawi. Kosa lililotambuliwa nalo lina faida yake, kwa kuwa hutufunza njia.

Tena, afadhali kuwa na mwenzi. Katika vikoba vya Temeke na Kinondoni, akina mama hukutana kila wiki, wakahesabu fedha mbele ya wote. Na ni desturi sanduku kuwa na kufuli tatu, funguo zake kwa watu watatu. Ikiwa shilingi zalindwa hivyo, umri je? Kijana aliye mbali na amtafute mmoja amwaminiye, wasomeane madaftari yao kila Ijumaa.

Mkarafuu usipozaa mwaka huu, twaweza kungoja mwakani. Siku ya mtu ikipita, hairudi tena.