Kisu Shambani: Tazama Ala Kwanza

Likizo ndefu ikifika, wengi wetu tuliotoka Masasi na Newala tunarudi nyumbani wakati mikorosho inasubiri kufyekewa. Chini ya mti lazima pawe peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka, na kazi hiyo inataka panga na kisu. Kufyeka tunajua. Tunachopuuza ni njiani: kisu kinabebwaje kwenda shambani na kurudi? Nimeona wenzetu wanakichomeka kiunoni kikiwa wazi, wengine wanakifunga gazeti na kukitia begini pamoja na madaftari. Kisu kisichokunjwa hakina pa kuficha makali yake. Usalama wake wote uko kwenye ala, na pale ala inapokaa.

Ala

Ala nzuri hupita vipimo vitatu. Ipindue uitikise: kisu kisidondoke. Sukuma kisu hadi mwisho: ncha isitoboe. Chomoa kwa mkono mmoja: vidole visipite kwenye njia ya makali. Ala ya ngozi ni laini mwilini, ila inashika unyevu. Ukirudi na umande, toa kisu, kifute, kipake mafuta kidogo, na ala uianike kivulini. Ya plastiki haiozi, lakini mchanga ukiingia ndani unakwaruza makali. Boom limeisha? Mpelekee fundi viatu kisu chenyewe apime, akushonee kwa mabaki ya ngozi.

Mahali pa kuivaa

Kwa wengi, mahali pazuri ni kwenye mkanda, upande wa mkono unaofanya kazi, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Hapo ukiinama kuokota korosho mpini haukuchomi tumbo. Usikivae mbele, karibu na kinena: mshipa mkubwa wa damu unaoingia pajani unapita hapo, na ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Usikiweke katikati ya mgongo pia. Ukiteleza kwenye miteremko ya Newala ukaanguka chali, unaangukia chuma kwa uti wa mgongo. Kama ala ni ndefu na inapigapiga paja, ifunge chini kwa kamba laini.

Boda na basi

Kwenye bodaboda panga lifungwe ndani ya gunia na kukazwa kwenye keria. Lisishikwe mkononi, wala lisikae katikati yako na dereva. Breki moja ya ghafla inatosha. Stendi ni habari nyingine. Sheria zetu zinakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na kondakta hawezi kujua kuwa wewe unakwenda kupalilia. Kisu kiwe ndani ya ala, ala ndani ya begi, begi limefungwa.

Mkononi

Ukimpa mwenzako kisu, kiweke chini akiokote mwenyewe, au mpe mpini. Kikikuponyoka, rudisha miguu nyuma ukiache kianguke, usijaribu kukidaka. Ukimaliza kukata, kirudishe alani kabla hujapiga hatua, na macho yako yawe kwenye mdomo wa ala, si kwenye stori.

Mtu akijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia. Kisha mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mkomaindo kama mko Masasi, na muulizie chanjo ya pepopunda. Kumbukeni kwamba kutoka shamba la ndani hadi barabarani kuna mwendo, na damu haisubiri boda.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Sawa, lakini tukimpa mdogo wetu kisu likizo hii, tumpe na ala yake.