Kuumizwa dukani na mtu usiyemjua: nani atalipa fidia?

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kamati nyingi hulipokea, na mara nyingi hulimaliza haraka mno: mtu ameenda dukani kununua mahitaji, akarudi nyumbani ameumizwa na mtu asiyemfahamu.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa Ruaruke, huku Kibiti. Ni msimu wa korosho na wageni ni wengi: madereva, makuli, madalali. Mama mmoja amesimama dukani akisubiri kupimiwa sukari. Kijana aliyeshuka kwenye lori anagombana na muuza duka juu ya chenji, anarusha mkono kwa hasira, mama anasukumwa na kuangukia mkono wake. Kijana anatoa shilingi 20,000 na kusema, "Pole mama, hii ya dawa." Waliopo wanasema yaishe. Jioni lori limeondoka. Wiki ya pili mkono umevimba, mama hawezi kushika jembe, na hakuna anayejua hata jina la kijana yule.

Nani anadaiwa? Kwanza ni kijana mwenyewe. Kusema "sikumkusudia mama, nilimkusudia muuza duka" hakumwondolei deni. Tajiri wake anaweza kuunganishwa iwapo kijana aliumiza mtu akiwa katika kazi aliyotumwa, kwa mfano akiingiza magunia. Ugomvi wa chenji yake mwenyewe kwa kawaida ni wake peke yake.

Na mwenye duka je? Hapa watu wengi hukosea, ama kwa kumlaumu kwa kila kitu au kwa kumsamehe kila kitu. Mahakama zetu zilirithi kanuni za Uingereza zilizokuwa zikitumika hadi tarehe 22 Julai 1920, na mojawapo inatokana na shauri la mwaka 1866, Indermaur dhidi ya Dames. Fundi wa gesi alitumbukia katika shimo lisilo na kizuizi ndani ya kiwanda cha sukari London. Ilielezwa kwamba anayekuja mahali kwa shughuli inayomhusu mwenye mahali hapo ana haki ya kukingwa na hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenyeji anaijua au alipaswa kuijua. Basi kreti za soda zilizopangwa ovyo zikimwangukia mteja, mwenye duka ana la kujibu. Mgeni akisukuma mtu ghafla, ni vigumu kumbana. Lakini kama mlevi alikuwa akitishia wateja kwa saa nzima na muuza duka akaendelea kumhudumia, hoja ipo.

Sasa turudi kwenye zile 20,000. Hatupingi sulhu. Rufiji na Kibiti ni nchi ya sulhu, na mashekhe na wazee wa huko wanaijua kazi hiyo kuliko sisi. Hata sheria inaipenda: Baraza la Kata, chini ya Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985, limewekwa kwanza kusuluhisha, na mahakama inaweza kuhimiza wagombanao wapatane kwa fidia katika shambulio dogo la kawaida. Tunachopinga ni kupatana kabla ya mganga kusema jeraha ni la namna gani. Mfupa uliovunjika si shambulio dogo. Kesi ya kudhuru mwili vibaya ni ya Jamhuri, na kupokea fedha kwa sharti la kuficha kosa kubwa ni kosa kwa anayepokea pia. Fedha ya matibabu ya haraka ipokelewe, lakini iandikwe hivyo: kiasi, tarehe, jina na saini ya aliyetoa, mashahidi wawili, na maneno kwamba si malipo ya mwisho.

Jina hilo ndilo linalopotea. Fidia haidaiwi kwa "kijana wa lori". Kabla gari halijaondoka, mtu mmoja aandike namba zake, jina la dereva na la tajiri, na simu zao. Wengine wamwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Raia anaweza kumkamata aliyetenda kosa la namna hii na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Asipigwe! Akipigwa, mlalamikaji wa asubuhi atakuwa mshitakiwa wa jioni.

Majeruhi apate fomu ya polisi, PF3, ijazwe na mganga, naye abaki na nakala. Aliye katika hatari atibiwe kwanza, fomu ifuate. Risiti zote zitunzwe: dawa, picha ya mkono, nauli ya bodaboda hadi Kibiti. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba gharama halisi lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa. Maumivu na usumbufu mahakama huyakadiria yenyewe.

Njia ni mbili. Mshitakiwa akitiwa hatiani, mahakama ya jinai inaweza kumwamuru alipe fidia, juu ya adhabu yake. Mama aiombe kupitia mwendesha mashitaka, maana asipoiomba inaweza kusahaulika. Njia ya pili ni kesi ya madai, ambayo muda wake ni miaka 3 tangu tukio, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Hata mtu aliyeachiwa katika jinai anaweza kudaiwa huku, kwa sababu kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi. Aliyeumia akiwa mwajiriwa wa duka ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Asiye na uwezo wa wakili atafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wafadhili wetu huuliza tumeshinda kesi ngapi. Ni swali la haki, ila hukumu dhidi ya kibarua asiye na kitu hulipwa kidogo kidogo au isilipwe kabisa. Daftari na kalamu katika kila kitongoji vinagharimu kidogo, na vinafika kabla ya lori kuondoka.

Kwa majadiliano ya kamati: katika kijiji chenu, nani ataandika siku hiyo? Na wazee wakisema yaishe, nani ataomba wasubiri jibu la mganga?